Heriot's ya Edinburgh: shule ya yatima inayolipisha ada, na ile sanamu inayovishwa maua

Swali nimelifupisha, dada aliyeliuliza atanisamehe. Mume wake kapata kazi Edinburgh, wana kijana wa miaka 10, na wenzake kazini wamemng'ang'ania ampeleke George Heriot's. Anaandika: "Kaka, mmoja ananiambia ilianza kama nyumba ya yatima, mwingine anasema ni ya watoto wa wenye nazo, na juu ya hapo nasikia kuna siku wanaivisha sanamu maua shule nzima ikiwa imekusanyika, sisi Waislamu hapo nikashtuka. Hii shule ni nini hasa na hizo mila zimetoka wapi?"

Dada, wote wawili wamekwambia kweli. Ni shule ya yatima na ni shule ya wenye nazo, vyote kwa pamoja mpaka leo, na hata hilo la sanamu ni kweli, ila tulia kwanza, nitalifikia. Kila kitu pale kimetoka kwenye karatasi moja, wasia wa mtu mmoja aliyekufa 1624, ukiuelewa huo wasia hutashangaa tena.

Huyo mtu ni George Heriot, sonara, mtoto wa sonara, kazaliwa 1563. Alikuwa na kibanda chake cha kazi jirani na kanisa la St Giles, katikati ya mji, kibanda kidogo tu. Mwaka 1597 akawa sonara wa Malkia Anne, yule Anne wa Denmark mke wa Mfalme James wa Sita wa Uskoti, na 1601 akawa wa mfalme mwenyewe. Sasa hapa ndo hela ilipo, maana malkia alipenda vito kuliko uwezo wake na mfalme naye mifuko imetoboka kila siku, kwa hiyo Heriot anawauzia vito kwa mkopo, wakiishiwa anawakopesha taslimu huku kashika vito vilevile kama rehani, na riba juu. Ikulu nzima ikawa mdeni wake. Watu wakampa jina la utani Jinglin' Geordie, kwa ule mlio wa sarafu mfukoni. Mwaka 1603 James akarithi na kiti cha Uingereza akahamia London, na Heriot huyo nyuma yake, mtu gani anaacha mdeni wake aondoke peke yake?

Kuna stori moja Edinburgh wanaipenda sana, ichukue kama stori. Wanasema Heriot alimkuta mfalme anaota moto wa kuni za mti wa manukato, moto wa gharama, akamwambia mtukufu njoo kwangu nikuonyeshe moto wa gharama zaidi. Mfalme kufika, Heriot akatoa hati ya deni la mfalme mwenyewe la paundi 2,000 akaitupa motoni. Kama ilitokea au haikutokea sijui inambadilishia nani nini, inakuonyesha tu nani alikuwa bosi wa nani.

Huyu bwana alioa mara mbili, wake wote wakatangulia, na hakubakiwa na mtoto wa ndani ya ndoa. Alikuwa na mabinti wawili wa nje, hao akawaachia sehemu yao, na baada ya kutoa vya ndugu na jamaa kilichobaki kikaenda kwa mji wa Edinburgh, paundi 23,625, hela ya kutisha kwa zama zile. Sharti lilikuwa wajenge nyumba ya kulea na kusomesha watoto wa kiume maskini waliofiwa na baba, kwa kuiga Christ's Hospital ya London ambayo ilikuwa inafanya kazi hiyohiyo. Ndiyo maana kwenye maandishi ya zamani utakuta inaitwa George Heriot's Hospital, usidhani walikuwa wanatibu watu.

Ila soma wasia vizuri, kuna kitu watalii hawaambiwi. Haukusema maskini yeyote. Ulisema watoto wa watu huru wa mji ule wa Edinburgh, yaani mafundi na wafanyabiashara waliosajiliwa na kuwa na haki za mji. Fundi viatu mwenye kibali chake akifa, mtoto wake anaingia. Mtoto wa kibarua asiye na jina kwenye daftari la mji, hapana. Hivyo hata ukarimu wenyewe ulianza ukiwa na mlango mwembamba, na mimi nikisikia mtu anasema zamani ilikuwa ya maskini wote halafu matajiri wakaipora, namwambia arudi kwenye karatasi.

Kwa mtu wa pwani hii ni rahisi kuielewa, ni wakfu. Kuna mwenye mali, kuna wadhamini, ambao hapa walikuwa madiwani na wachungaji wa mji, kuna walengwa, na mali haitakiwi kuliwa, kinacholiwa ni mapato yake. Mtaniuliza hela ya riba inawekwaje wakfu, hilo mpelekeeni shehe, mimi ni mtu wa historia ya shule tu.

Kujenga kulianza 1628, nje kidogo ya ukuta wa mji, kwenye kilima kinachotazamana na ngome ya Edinburgh. Kanuni za kuiendesha zilikuwa zimeshaandikwa na Walter Balcanquhall, kasisi rafiki wa marehemu. Fundi mkuu alikuwa William Wallace, sio yule mpiganaji unayemjua, huyu mwingine kabisa, akafa 1631 kazi ikiwa mbichi, akafuata William Aytoun. Wakavutana na ujenzi miaka na miaka. Halafu 1650 Cromwell akaja na jeshi lake kutoka Uingereza, akawapiga Waskoti pale Dunbar, akaingia mjini, akaona jumba kubwa jipya halina mtu, akaweka majeruhi wake humo. Kwa hiyo watu wa kwanza kulala ndani ya lile jengo hawakuwa yatima, walikuwa askari wa kigeni. Watoto wa kwanza, 30 tu, waliingia 1659, miaka 35 tangu mwenye mali azikwe. Wadhamini wa wakfu kuchelewa sio ugonjwa wa kwetu peke yetu.

Jengo lenyewe utaliona ukipita Lauriston Place, mnara kila kona, ua wa mraba katikati, herufi GH zimechongwa huku na huku. Wenyeji watakwambia kwamba madirisha yake, yapo karibu mia mbili, hakuna yanayofanana nakshi.

Sasa sanamu. Ukiingia ule ua, juu ya upinde, kuna sanamu ya Heriot kavaa nguo za zama zake, na chini yake maneno ya Kilatini ambayo maana yake ni hii: sanamu hii ni sura ya mwili wangu, kazi hii ni sura ya roho yangu. Kazi hii, yaani jengo na watoto waliomo. Kwa desturi Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Juni ni June Day, siku ya kumkumbuka mwasisi, Heriot mwenyewe kazaliwa mwezi huo wa sita. Sanamu inapambwa maua, wanafunzi na walimu wanakusanyika, wazee waliosoma pale zamani wanarudi, kuna hotuba na nyimbo, na nyimbo nyingine ni za kanisa. Enzi zile ilikuwa siku kubwa ya mji, wadhamini wanakuja kwa maandamano na kuhutubiwa kanisani kwa majirani zao, Greyfriars.

Je ni ibada ya sanamu? Hapana dada. Hawa ni Waprotestanti wa Uskoti, watu ambao karne ya 16 walipita makanisani wakivunja sanamu za watakatifu kwa nyundo, na watoto wa watoto wao ndo walioiweka hii. Hakuna anayeiomba kitu. Ni kumkumbuka marehemu aliyeacha kheri. Ukiniuliza kama kijana wako atajisikia vibaya kusimama pale, mimi naona hata kidogo, lakini nyimbo za dini zipo kweli na hilo nitakwambia chini uliulizeje. Na kwa maoni yangu hii ndo mila yenye maana kuliko zote za pale, maana mara moja kwa mwaka wanalazimika kumtaja yule aliyesema hela hii ni ya waliofiwa, mbele ya wazazi ambao wengi wao wamelipa.

Wale watoto wa bweni wasikudanganye mtu kwamba walikuwa malaika. 1681 serikali ilitunga kiapo, kila mwenye cheo akiape, na kiapo chenyewe kilikuwa kinajipinga chenyewe ndani. Bwana mkubwa mmoja wa Uskoti, Earl wa Argyll, akaapa lakini akasema anaapa kadiri kiapo kinavyokubaliana na nafsi yake, wakamhukumu kifo kwa uhaini. Basi watoto wa Heriot's, ndivyo inavyosimuliwa, wakasema mbwa wa getini naye ana cheo, aape. Wakampa karatasi ya kiapo, mbwa akagoma. Wakaipaka siagi. Mbwa akalamba siagi yote akaitema karatasi. Wakamfungulia kesi kwamba kaapa kwa masharti, ni mhaini kama Argyll, wakamhukumu anyongwe. Watoto wadogo hao, wanaitukana serikali kupitia mbwa, na mji mzima unacheka.

Uwanja wao nao una mambo. Oktoba 1785 Muitaliano Vincent Lunardi alirukia hapohapo na puto lake, akavuka ghuba ya Forth mbele ya umati, akaenda kutua Ceres kule Fife. Lakini bweni lilikuwa gumu. Wakubwa walikuwa na sheria zao za kuwatesa wadogo, na 1846 yakaibuka maasi ndani, watoto 52 wakafukuzwa kwa mpigo. Hiyo tarehe iweke kichwani, maana wasomi wa elimu Uskoti walianza kusema wazi kwamba haya majumba ya kufungia watoto hayawalei, yanawaharibu, mtoto anakua bila mama, bila jirani, bila soko, anatoka hajui hata kununua mkate.

Na wakati huohuo hela zilikuwa zinafurika. Wadhamini wa zamani, nawapa hongera hapa, walikuwa wamenunua mashamba kaskazini mwa mji yakiwa mashamba tu. Karne ya 18 Edinburgh ikaamua kujipanua, ule mji mpya wa nyumba nzurinzuri za mawe mnaopiga nao picha, na sehemu kubwa ikaota juu ya ardhi ya yatima. Ardhi ya Uskoti zama hizo ulikuwa unaichukua na kulipa kodi ya kila mwaka bila mwisho, kwa hiyo kila nyumba ikijengwa, mfuko wa Heriot unaongezeka. Mtaa wa Heriot Row umepata jina hivyo. 1836 ikatungwa sheria ziada itumike kujenga shule za bure za kutwa mitaa ya maskini, zikafika 13, zinasomesha maelfu. Hapo ndipo mlango ulipopanuka kweli, mtoto wa kibarua naye akaingia darasani kwa hela ya Heriot, na mimi nakwambia hiki ndo kipindi walichofanya kheri kubwa kuliko kabla na baada, ajabu yake hakitajwi sana.

Kilichofuata ndo jibu la swali lako la ada. 1870 Merchant Company, chama cha wafanyabiashara wa Edinburgh kilichokuwa na majumba kama hayo, George Watson's na wenzake, wakayageuza shule za kutwa za kulipia, ada nafuu, mamia ya watoto wa watu wa kati wakajaa. 1872 serikali ikasema kila mtoto lazima asome, na bodi za shule zikaanzishwa, kwa hiyo zile za bure za Heriot zikaonekana hazina kazi tena. 1882 ikaja sheria ya kupangua upya mali za wakfu za elimu nchi nzima, na 1885 mpango mpya wa Heriot's ukapita. Bweni likavunjwa, 1886 lile jumba likafunguliwa kama shule ya kutwa, wengi wanalipa kiasi, na zile shule za mitaani zikaenda kwa bodi. Sehemu ya mapato ikapelekwa chuo cha ufundi kilichoitwa Watt Institution, kikawa Heriot-Watt, ndiyo hiyohiyo Heriot-Watt University ya leo, ilipata hadhi ya chuo kikuu 1966 na tangu 2005 ina tawi Dubai, kwa hiyo ndugu zetu wa Ghuba wanabeba jina la yule sonara kwenye vyeti bila kujua.

Watu walilalamika sana mjini, wakasema mali ya maskini inaporwa wapewe wenye uwezo wa kulipa. Walikuwa na haki? Nusu. Bweni lilistahili kufa. Lakini kufunga shule za bure na kufungua ya kulipia kwa mfuko mmoja, mwaka mmoja, hata ukilieleza vipi halinyooki.

Kilichookolewa ni watoto wenye wasia. Hao wanaitwa foundationers mpaka leo, mtoto aliyefiwa na mzazi, familia ikiwa haina uwezo, anaweza kusoma bure, na hajawekewa darasa lake pembeni, yuko na wenzake, sare ileile. Wasichana walikuwa nje tangu wasia ulivyoandikwa "wavulana", wakaruhusiwa 1979. Ruzuku ya serikali iliyokuwa inashusha ada ikakatwa miaka ya 1980, tangu hapo inajitegemea kabisa. Leo ina wanafunzi kama 1,600, kuanzia chekechea hadi mwaka wa sita wa sekondari, wote wanalala kwao. Ada ya sekondari inapita paundi elfu 15 kwa mwaka, na tangu Januari 2025 serikali ya London imeweka VAT ya asilimia 20 kwenye ada za shule binafsi, kwa hiyo usikubali bei uliyosikia kwa mtu aliyemaliza miaka mitano nyuma. Shemeji akae chini na kikokotoo kwanza.

Na usishangae kila mtu kazini anaongelea shule binafsi, huo ni ugonjwa wa Edinburgh. Uskoti nzima wanaosoma binafsi ni wachache sana, kama mmoja kati ya 25, lakini Edinburgh ni karibu robo, na sababu ni hizi wakfu za zamani za masonara na wafanyabiashara zilizoacha majumba. Shule za serikali za pale ni nzuri pia, nyingine nzuri sana, usitishwe.

Mambo mengine haraka. Mtoto anapangiwa moja ya nyumba nne za mashindano, Lauriston, Greyfriars, Raeburn na Castle. Raeburn ni jina la mchoraji Henry Raeburn, alikuwa yatima wa palepale, akalelewa kwa hela ya wasia, akaja kuwa mchoraji mkubwa wa Uskoti, huyo peke yake analipa deni la jengo. Michezo ni ragbi zaidi, uwanja uko Goldenacre, kaskazini ya mji, na kwa namna fulani shule hii imekuwa inazaa fulbeki wa timu ya taifa, Dan Drysdale, Ken Scotland, Andy Irvine, wazee wa ragbi wakianza hayo majina andaa chai. Mitihani ni ya Uskoti, National 5, halafu Higher, halafu Advanced Higher, sio A-Level, kama mnafikiria kuhamia London baadaye hilo lipimeni. Kila siku saa saba mchana kamili isipokuwa Jumapili ngome ya jirani inapiga mzinga, mwambie kijana asije akaingia chini ya dawati siku ya kwanza.

Ukienda kuongea nao uliza mambo matatu bila aibu. Moja, foundationers ni wangapi mwaka huu na msaada wa ada wanautoaje kwa familia ambazo hazijafiwa ila hazifiki bei, maana zipo nafuu za kupimwa kwa kipato, na msimamizi wa asasi za hisani Uskoti anazibana hizi shule zionyeshe faida kwa umma, kwa hiyo wamezoea hilo swali. Mbili, kwa miaka yake 10 ataingia P6 au P7, yaani darasa la sita au la saba la msingi, na P7 ndo mwisho wa msingi, sasa nafasi zipo kwa sasa au asubiri S1, mwaka wa kwanza wa sekondari? Tatu, hilo la dini. Waambie nyinyi ni Waislamu, ulizia nyimbo za June Day na mikusanyiko mingine wanafanyaje kwa watoto wa dini nyingine, chakula halali, na ruhusa ya Ijumaa akishakua. Msikiti mkuu uko Potterrow, ulifunguliwa 1998, kutoka getini Lauriston Place ni kama dakika kumi kwa miguu, unapita jirani na George Square kwenye chuo kikuu alichosoma Mwalimu Nyerere 1949 hadi 1952. Wakikwambia Ijumaa haiwezekani, waambie umbali umeshaupima.